Usimbebe Kabla Yangu

Dirisha la maziwa la hospitali lilifunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa nne, na Geng Zhaolin hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alikuja kwa mabasi mawili kutoka ng'ambo ya mto, kiboksi cha baridi amekipakata, akajiunga na foleni ya akina baba wenzake. Walikuwa wanaume watupu, kila mmoja na kiboksi chake, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Ungewaona kwa mbali ungedhani wamekuja kuuza samaki. Ndani ya kiboksi cha Zhaolin mlikuwa na mifuko sita ya maziwa ya mkewe, kila mmoja umeandikwa tarehe, saa, na maneno haya: Binti wa Qiao Suyun, kitanda 19.

Jina lake mwenyewe mtoto alikuwa bado hana. Angepewa siku ya kutimiza mwezi, mayai yakishapakwa rangi nyekundu na kugawiwa majirani, kama alivyopewa baba yake. Alizaliwa njiti, wiki ya ishirini na saba, gramu mia tisa na arobaini. Alilala ndani ya sanduku la kioo lenye joto, mpira puani, mpira mdomoni, na kwa huo wa mdomoni alipewa maziwa mililita mbili kila baada ya saa tatu. Hicho ni kiasi cha kulowanisha ulimi tu. Suyun alikuwa akikamua ya kushibisha watoto watatu.

"Haya, Baba Kumi na Tisa," alisema Nesi Pang wa dirishani, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni. "Leo mkeo katoa mifuko mingapi?"

"Sita."

"Sita tena! Mwambie binti yake ana tumbo la ukubwa wa kidole gumba, si pipa. Au mnataka kutufungulia kiwanda hapa?"

Zhaolin alicheka kidogo. Alimpenda Nesi Pang kwa sababu hakumwonea huruma.

"Anaendeleaje?"

"Anakojoa, ananya, anatusumbua. Nenda kazini, baba."

Kazi yake ilikuwa ufundi wa mabomba ya joto, yale yanayopeleka maji moto kwenye majumba ya ghorofa, na majira hayo ya baridi nusu ya mji ilikuwa ikimpigia simu. Alishinda chini ya ngazi za watu, amelala chali kwenye saruji iliyoganda, spana mkononi. Mikono yake ilikuwa imepasuka pasuka na haikupata joto hadi mwezi wa nne. Kumbuka mikono hiyo, maana yeye mwenyewe aliifikiria kupita kiasi.

Habari ya nani ambebe mtoto ilianzia ndani ya teksi, siku ya tatu, walipomrudisha Suyun nyumbani na kumwacha mtoto hospitalini. Suyun alikuwa amefungwa mablanketi mawili, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na mama mkwe wake, Bi Fengxian, ameziba ufa wa dirisha la gari kwa shali. Binti alipozaliwa walimkimbiza palepale. Katikati ya mikono na mashuka ya kijani, Suyun aliona kisigino kimoja, basi. Walipofika darajani akamgeukia mumewe.

"We fundi. Mimi nimeona kisigino tu. Ole wako umbebe kabla yangu. Nitaikata hiyo mikono yako ya mabomba niitupe mtoni."

Akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu uchungu ulipomshika, na Zhaolin akakipokea kama mtu mwenye kiu anavyopokea maji. Palepale akajiapiza moyoni kwamba hatambeba kabla yake.

Nyumbani mwezi wa uzazi ulikuwa umeshaanza kuhesabiwa. Bi Fengxian alibandika karatasi ya gundi kwenye kila ufa wa dirisha. Suyun asitoke nje, asioshe nywele, asiguse maji baridi, asisome, asitazame simu zaidi ya dakika moja kwa siku, na zaidi ya yote asilie. Alikula uji wa mawele na sukari guru asubuhi, supu ya kwato za nguruwe na karanga mchana, mayai ya kuchemsha jioni, na kila baada ya saa tatu akakamua. Nywele zake zilishikana kwa mafuta zikawa kama kofia nyingine.

Wasiomjua Bi Fengxian walimwita mkali. Mimi nasema alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Alipomzaa Zhaolin, siku ya tisa aliitwa shambani kubeba mbolea kwenye barafu, na leo vidole vyake vitatu havikunjiki. Dada yake naye alifiwa na kichanga akalia mwezi mzima, na sasa hata mlango haoni ulipo, hupapasa ukuta. "Machozi ya mwezi wa uzazi hayakauki machoni," alisema Bi Fengxian. "Yanakaa humohumo yanaoza." Zhaolin alimwona yule mama yake mdogo kila mwaka mpya akipapasa ukuta. Ungemwambia nini mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake?

Jumanne na Ijumaa akina baba waliruhusiwa kuwatazama watoto kupitia kioo, dakika kumi. Zhaolin alipiga video, akaenda kumwonyesha Suyun ile dakika yake moja. Suyun alishika simu kwa mikono miwili.

"Ana pua yako, maskini wa Mungu."

"Amefunikwa mpira, umeionaje pua?"

"Naijua hiyo pua. Nimelala nayo miaka sita inakoroma."

Kichwani mtoto alivaa kofia ya njano aliyofumiwa na bibi yake, ndogo ingeweza kuvishwa chungwa. Bi Fengxian naye alichungulia simu juu ya bega la mkwewe, akajifanya anatafuta ndala zake.

Siku ya kumi na saba, Jumanne, Nesi Pang hakufanya utani. Alitazama kile kiboksi, akakirudisha upande wa pili wa dirisha.

"Leo hatupokei. Subiri, Daktari Shao atakuja kusema na wewe."

Daktari Shao alikuwa mwanamke mwembamba, kijana kuliko Zhaolin, mwenye alama ya barakoa mashavuni. Alieleza kwamba utumbo wa mtoto umepata uvimbe. Huwapata njiti. Wamesimamisha maziwa, wanampa dawa na maji kwa mshipa, na watangoja waone. Kumpasua hawawezi, ni mdogo mno. Zhaolin aliuliza kama ni maziwa yaliyomdhuru. Daktari akasema hapana, maziwa ya mama ndiyo yanayokinga, ila safari nyingine hata kinga haitoshi.

Alitoka nje na kiboksi chake kimejaa. Angekirudisha nyumbani, Suyun angejua. Angejua, angelia. Basi akaenda nacho karakanani, akafungua sanduku la chuma la vifaa lililokaa nje ya dirisha la nyuma, ambako baridi ilikuwa kali kuliko jokofu lolote, akaipanga mifuko sita humo kati ya viungo vya mabomba. Kesho yake akapanga sita mingine. Jioni alirudisha kiboksi kitupu.

"Kamaliza?" Suyun aliuliza.

"Kamaliza."

"Mlafi. Kamfuata bibi yake."

"Nimesikia!" alipaza sauti Bi Fengxian kutoka jikoni.

Nyumba nzima ikacheka, na Zhaolin akacheka nao. Kudanganya mwanzoni kulimchoma, kisha kukawa kazi kama kazi nyingine. Alihifadhi video nne za zamani akawa anazionyesha kwa zamu.

"Mbona kofia haibadiliki?" Suyun aliuliza siku moja.

"Wanaifua."

"Na anavyopiga teke, mbona ni vilevile? Anapiga mara mbili, halafu analala."

"Ndiyo tabia yake."

Suyun alimtazama kwa kitambo. Kisha akamrudishia simu na kuchukua pampu yake, maana saa ilikuwa imefika.

Siku ya ishirini na saba, Ijumaa, Daktari Shao alimwita kwenye chumba chenye viti viwili. Madaktari wa kule hawasemi jambo baya moja kwa moja. Hulizunguka, wakikuachia nafasi ya kulielewa bila aibu, na atakayetaka kutolielewa huweza asilielewe.

"Bwana Geng, siku hizi tunaruhusu mzazi aingie. Anavaa joho, ananawa, tunamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi. Nusu saa hivi. Nadhani ingefaa mama yake aje."

"Yuko ndani ya mwezi. Zimebaki siku tatu."

"Najua." Daktari alikunja na kukunjua karatasi. "Wengine huja hata hivyo."

"Ni lazima iwe leo?"

"Sisemi ni lazima."

"Jumatatu mwezi unatimia. Jumatatu atakuja, asubuhi na mapema. Nitamleta mwenyewe."

Daktari Shao aliikunja tena ile karatasi. Kisha akasema, "Na wewe? Baba pia anaweza. Uko hapa tayari."

Nesi Pang alikuwa amesimama mlangoni na joho la bluu limekunjwa mkononi, kwa hiyo walikuwa wamelipanga jambo hili wao wawili. Zhaolin aliliona joho lile akalitamani kwa mwili mzima. Siku ishirini na saba alikuwa amemwona mwanawe kupitia vioo viwili, cha ukuta na cha sanduku. Akanyoosha mkono kulipokea, akaiona mikono yake: myekundu, imepasuka, weusi wa mabomba kwenye kila ufa.

"Mikono yangu ni ya baridi," alisema.

"Tuna maji ya moto," alisema Nesi Pang.

"Mama yake hajamshika bado. Hata kumwona hajamwona. Yeye ndiye awe wa kwanza. Nilimwahidi."

"Baba Kumi na Tisa." Sauti ya sokoni ilikuwa imeshuka kabisa. "Mtoto hajui zamu."

"Siku tatu tu, nesi. Jumatatu."

Wakamwacha aende zake. Huenda walidhani wameshasema vya kutosha.

Jioni ile alimvuta mama yake ngazini, mlango umefungwa nyuma yao, akamwambia yote: utumbo, maziwa yaliyokataliwa, joho. Bi Fengxian alisikiliza ameshika ukingo wa ngazi kwa vile vidole visivyokunjika.

"Daktari kasema atakufa?"

"Hakusema."

"Kasema lazima?"

"Hapana."

"Basi siku tatu, mwanangu. Umtoe leo kwenye baridi hii, amwone mtoto katika hali hiyo, alie. Utapoteza wawili badala ya kumwuguza mmoja. Nimeshaona. Siku tatu si kitu." Kisha akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mayai nimeshanunua. Thelathini. Na rangi."

Zhaolin alitaka kuambiwa hivyo, ndiyo maana alikwenda kwa mama yake na si kwa mkewe. Mtu anajua wa kumwuliza pale anapotaka jibu fulani.

Jumapili asubuhi alikuwa amelala chali chini ya ngazi ya jengo la walimu, bomba limepasuka, maji moto yakimtiririkia shingoni, simu ilipoita. Hakuipokea mara ya kwanza kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa imeshikilia bomba. Ya pili aliipokea. Alikimbia hadi barabarani bila koti na spana bado iko mkononi, na teksi ya kwanza ilikataa kumchukua.

Alipofika, mashine za kitanda cha kumi na tisa zilikuwa zimezimwa. Ilikuwa imetokea ghafla, Daktari Shao alisema, katika dakika kumi na tano. Walikuwa wamemzunguka watu wanne wakifanya kila lililowezekana. Nesi Pang alimnawisha Zhaolin mikono kwa maji ya moto, kidole kwa kidole, kama anavyonawishwa mtoto, akamvisha lile joho. Kisha wakamkabidhi mtoto. Alikuwa amefungwa kitambaa cheupe, kofia ya njano kichwani. Spana ambayo Zhaolin aliitumia kila siku ilikuwa nzito kuliko yeye. Mikono yake sasa ilikuwa na joto, mtoto ndiye hakuwa nalo.

Waliomba aandike jina kwenye karatasi. Akaandika: Binti wa Qiao Suyun. Kisha akamwambia daktari, "Msimpeleke popote. Mama yake atakuja kesho." Daktari akasema watamtunza.

Zhaolin alimkuta mama yake tena ngazini. Safari hii hapakuwa na maneno mengi. Bi Fengxian aliketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa aproni, akalia bila sauti, mkwewe asisikie. Alipomaliza akasema, "Kesho. Mwezi unaisha kesho. Asilie leo. Nakuomba, mwanangu, leo tu." Na Zhaolin, ambaye alikuwa amedanganya siku kumi na mbili, akaona ya kumi na tatu haina uzito.

Suyun alikuwa mchangamfu jioni ile, maana tangu Ijumaa Zhaolin alikuwa amemwambia kwamba Jumatatu ataruhusiwa kumbeba mtoto nusu saa. Alitandaza kitandani nguo za kuvaa kesho: sweta jekundu, suruali ya sufu, soksi mbili mbili. Alimwuliza mumewe kama wanaruhusu mtu kuingia na pete. Alimwuliza kama nusu saa ni nusu saa kweli au ni zile nusu saa za hospitali. Kisha akakamua, akaandika kwenye mfuko tarehe, saa, Binti wa Qiao Suyun, kitanda 19.

"Huu nitaupeleka mwenyewe," alisema. "Huyo nesi wako mwenye mdomo anione."

Zhaolin alisema ana maumivu ya kichwa, akaenda kulala na nguo zake.

Asubuhi ya siku ya thelathini Suyun aliosha nywele. Alikaa bafuni muda mrefu, wakasikia maji yanamwagika na kumwagika, na wimbo mdogo ukipigwa mluzi. Bi Fengxian alikuwa jikoni amechemsha mayai yote thelathini, kwa kuwa mikono ilizoea kufanya kazi saa ile na hakujua aifanyie nini kingine. Lakini pakiti ya rangi hakuifungua. Hakuweza.

Suyun alitoka bafuni amevaa sweta lake jekundu, nywele mbichi zimeshuka mgongoni, kiboksi cha baridi begani. Akapitia jikoni kuchukua yai la kula njiani. Kwenye beseni aliyaona mayai yote thelathini, yamechemshwa, yanafuka mvuke, meupe.

Alisimama na yai moja mkononi. Aliitazama pakiti ya rangi, ikiwa bado imefungwa, kisha akamtazama mama mkwe wake, ambaye aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia kitu na hakuna aliyehitaji kumwambia.

"Lini?" aliuliza.

Zhaolin alikuwa mlangoni. "Jana. Asubuhi."

"Jana nimekamua mara saba."

"Suyun..."

"Na maziwa yale mengine? Aliyamaliza?"

"Yako karakanani. Tangu Jumanne ya wiki juzi. Alikuwa mgonjwa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikishiwa jambo alilokwisha kulihisi. Bi Fengxian alimsogelea akamshika mikono. "Lia, mwanangu," alisema, na yeye mwenyewe machozi yanamtoka. "Mwezi umeisha. Sasa unaweza. Lia utakavyo."

Suyun hakulia. Alikuwa akimtazama mumewe.

"Nani alikuwa amembeba?"

Zhaolin alijua lingekuja swali gumu, lakini alikuwa amejiandaa kwa mengine. Alijiandaa kwa mbona hukuniambia. Alijiandaa kwa makofi.

"Madaktari walikuwepo. Wanne."

"Sikuulizi nani alikuwepo."

"Hakuna," alisema Zhaolin. "Ijumaa waliniita. Waliniletea joho niingie, nimlaze kifuani. Nikakataa. Nilisema mama yake ndiye wa kwanza." Akaona haelewi, akaharakisha. "Wewe ulisema. Kwenye teksi, pale darajani. Ulisema nisimbebe kabla yako."

Suyun aliitafuta siku ile kichwani. Zhaolin aliuona uso wake ulipoipata.

"Nilikuwa natania, Zhaolin," alisema. "Nilikuwa natania."

Aliweka yai alilokuwa ameshika, akalirudisha taratibu kati ya wenzake lisipasuke. Akarekebisha mkanda wa kiboksi begani. Maziwa yalikuwa yameanza kupenya kwenye sweta, madoa mawili, maana saa ya kukamua ilikuwa imefika.

"Yuko wapi sasa?"

"Palepale. Niliwaambia wangoje uje."

"Basi nipeleke."

Akafungua mlango akatoka. Bi Fengxian alinyakua kofia na shali msumarini, akamkimbilia hadi ngazini akiita, "Nywele mbichi! Suyun, nywele!" Kisha akasimama katikati ya ngazi, vitu vile mkononi, akamwacha ashuke. Huko nje baridi ilikuwa ile ya kugandisha mabomba. Walipofika kituoni nywele za Suyun zilikuwa zimekakamaa kwa barafu, na alipogeuza kichwa kuangalia kama basi linakuja, Zhaolin alizisikia zikigongana.